Majani ya Jana Barabarani

Simu iliita Jumanne adhuhuri, nikiwa nyumbani Morogoro tunachambua mchicha na mke wangu, na aliyepiga hakunisalimia. Alikuwa dereva wa Kilosa ninayemfahamu, mtu wa salamu ndefu, wa kuulizia watoto, mvua na vitunguu kabla hajasema shida yake. Kwa watu wa kule, mtu kama huyo akianza kuzungumza bila salamu ameshakupa nusu ya habari. "Mzee wetu wa Fuso ametutoka," alisema. "Gari limemgonga hapa kwenye kona, kabla ya kuingia Ulaya. Alikuwa ameegesha lake pembeni, anatoa majani." Nilimwuliza majani ya nani, kana kwamba jibu lingebadilisha kitu. Akasema, "Ya watu tu." Ulaya hiyo si ya ng'ambo, ni kijiji kilicho kwenye barabara ya Kilosa na Mikumi, na marehemu alipenda kuwaringishia wageni kwamba yeye Ulaya huenda na kurudi siku hiyohiyo. Utani huo ulinijia nikiwa bado nimeshika simu. Nilicheka, machozi yakanitoka papo hapo, na mke wangu akasukuma sinia la mchicha pembeni bila kuniuliza kitu.

Kwa msomaji ambaye hajasafiri sana katika barabara zetu, nieleze kwanza habari ya majani. Gari kubwa likiharibika njiani, dereva hukata matawi mabichi porini akayapanga barabarani kwa mafungu, nyuma ya gari na mbele yake, ili anayekuja apunguze mwendo. Sheria inataka zile pembetatu nyekundu zinazong'aa, na kila gari linazo, lakini kazi yake tunaijua: hutolewa chini ya kiti trafiki akizitaka, kisha hurudishwa chini ya kiti. Ukizipanga barabarani huku umelala uvunguni mwa gari, ukitoka unaweza kukuta zimeshapata mwenyewe mwingine. Tawi haliibwi. Kwa hiyo majani ndiyo lugha yetu, na ni lugha nzuri, anaielewa aliyesoma na asiyesoma, wa Tunduma na wa Tanga. Kasoro yake ni moja na tumeitia sisi. Gari likishapona, dereva amechoka, mikono imejaa oili, tajiri mwenye gari anapiga simu kila dakika, basi anapanda na kuondoka zake. Majani yanabaki. Yanabaki kesho yake na keshokutwa, yanasinyaa, na kila anayepita anapunguza mwendo kwa ajili ya gari ambalo halipo. Akidanganywa hivyo mara mbili tatu katika safari moja, mara ya nne hapunguzi.

Marehemu hakuweza kuyapita majani ya namna hiyo. Niliijua tabia yake tangu siku ya kwanza tulipokutana, masika moja ya zamani kidogo, basi nililopanda liliponasa kwenye tope na yeye akanipa nafasi kwenye Fuso lake lililobeba mpunga. Tulikuwa watatu mbele: yeye, mimi, na mama mmoja wa Ruaha mwenye mpunga wake. Tulikuta majani, akapunguza mwendo mpaka tukawa tunatambaa, tukazunguka kona, hapakuwa na gari. Mimi nilishukuru Mungu tunaendelea. Yeye alikwenda mbele mpaka penye nafasi, akaegesha nje kabisa ya njia, akawasha taa za tahadhari, akatoa pembetatu zake, akazipanga, akaanza kurudi kwa miguu kuyafuata yale matawi. Yule mama alichungulia dirishani akamwita. "Mzee, hayo majani ni yetu?"

"Si yetu, mama."

"Sasa mbona tunayatoa, na mvua hii?"

"Kwa sababu yanasema uongo," alijibu akiwa ameshayakumbatia. "Kesho gari likifa hapa kweli, mwenye gari atakata majani, na hakuna atakayemwamini." Aliyatupa mtaroni, akarudi, akafuta mikono kwa kitambaa, akaondoa gari bila kutuhubiria. Nakiri kwamba nilikuwa nimenuna, maana nilikuwa na miadi Mikumi na mtu asiyependa kusubirishwa. Yule mama yeye alisema tu, "Haya, Mungu atakulipa," kwa sauti ya mtu anayetaka mpunga wake ufike.

Watu huniuliza kwa nini mwandishi wa mambo ya mjini alikuwa na urafiki na dereva wa Fuso. Sijui kama ulikuwa urafiki. Sikuwahi kulala kwake wala yeye kwangu. Lakini kila nilipokuwa na safari ya upande ule nilimtafuta, kwa sababu kando yake nilikuwa nasinzia, na mimi ndani ya gari si mtu wa kusinzia. Nimepanda magari yaliyoandikwa nyuma kwamba haraka haraka haina baraka, na dereva wake akalipita lori mlimani huku anaongea na simu. Yeye hakuandika chochote nyuma ya Fuso lake. Akifika kwenye tope alisimama kwanza, akashuka, akapima kwa fimbo, akarudi. Akiingia kwenye barabara kuu inayopita hifadhini Mikumi alikwenda mwendo ulioandikwa kwenye kibao, magari madogo yakampigia honi kwa hasira, naye akawapungia mkono kama wanamsalimia. Nilimwambia siku moja kwamba wanamtukana. Alisema anajua, lakini swala hajui kusoma kibao, kwa hiyo lazima mmoja wa hao wawili asome.

Jambo jingine sitalisahau. Mpwa wa mkewe anaishi nchi za baridi, na siku moja alituma kwenye simu video ya barabara iliyojaa theluji. Magari yalikuwa yanateleza kama sabuni kwenye sakafu, moja linakwenda ubavu ubavu mpaka linagonga nguzo. Tulikuwa kwenye kibanda cha kahawa pale Mabwerebwere, na madereva vijana walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Yeye hakucheka. Aliitazama video hiyo mara kadhaa, akasema, "Hilo ni tope jeupe tu." Kijana mmoja akamwuliza, kwa utani, kama angeweza kuendesha huko. "Kwa nini nisiweze? Tope halitaki ubishi. Ingia na gia ndogo kabla hujafika, si ukishafika. Breki usiikanyage kwa hasira, achia mafuta, injini ilishike gari yenyewe. Usukani uuzungushe kama unambembeleza mtu. Na aliye mbele yako mwachie nafasi kubwa, maana hata yeye hajui atasimama wapi." Vijana wakasema mzee ameshapata kazi Ulaya, ile ya ng'ambo sasa, na kibanda kizima kikacheka, naye safari hii akacheka nao.

Lakini kilichomshika kwenye ile video hakikuwa utelezi. Mwishoni mwake alionekana mwanamume mwenye koti kubwa ambaye gari lake lilikuwa limeshavutwa. Mtu yule alitembea nyuma peke yake kwenye theluji, akaokota pembetatu yake, akaipangusa, akarudi nayo. Marehemu alirudisha video pale akanionyesha. "Umeona? Amerudi kuichukua." Nikamwambia, kwa ubishi wangu, kwamba amerudi kwa sababu ni mali yake, ameinunua. Alikunywa kahawa, akafikiri, akasema, "Basi shida ya majani yetu ndiyo hiyo. Hayana mwenyewe."

Nilifika Kilosa Jumatano asubuhi kwa njia ya Dumila, mvua ikinyesha mfululizo. Malori yalikuwa yameegeshwa pembeni mwa barabara kutoka mbali, ndipo nikajua msiba uko wapi kabla sijaona turubai. Nilipokaa kwenye mkeka walinisimulia. Jumatatu lori moja liliharibika kwenye ile kona, lenyewe halikutengenezwa mpaka jioni, na lilipotengenezwa likaondoka. Hakuna aliyejua lilikuwa la nani. Jumanne asubuhi marehemu alikuwa anatoka Mikumi. Aliyaona majani, akapunguza, akaona hapana gari, akaegesha palepale alipostahili kuegesha, taa zikiwaka, pembetatu zimepangwa. Aliyatoa ya upande wake yote. Alipoanza kuizunguka kona ayafuate ya upande wa pili, gari dogo likatokea upande huo wa Ulaya. Dereva wake alikuwa ameyaona majani yaliyobaki, kwa sababu yalikuwa mbele yake wazi kabisa, na hakupunguza. Baadaye, ameketi chini ameshika kichwa, aliwaambia watu waliokusanyika, "Nilidhani ni majani ya jana." Na kweli yalikuwa ya jana. Hicho ndicho kilichonivunja moyo kuliko vyote, kwamba yule dereva hakukosea kukadiria.

Maziko yalipangwa baada ya sala ya alasiri, na hata hivyo wazee wa msikiti walikuwa wananung'unika, kwa kuwa maiti hasubirishwi. Aliyekuwa anasubiriwa ni mtoto mkubwa wa marehemu, dereva naye wa malori, ambaye habari ilimkuta Makambako. Aliliacha lori kwa mwenzake, akaazima gari dogo, akaondoka alfajiri. Kila baada ya muda simu ilikuja na mtu akatangaza kwa sauti: amepita Iringa, ameteremka mlima Kitonga salama, yuko Ruaha, ameingia Mikumi. Mikumi alipiga akasema anakata njia ya Kilosa sasa hivi. Watu wakapumua, wazee wakaacha kunung'unika, vijana wakaenda kukamilisha kaburi. Mimi pia nilijiambia kwamba lililo gumu limekwisha.

Muda huohuo msichana mmoja alitoka ndani akaniambia mama ananiita. Nilisimama mlangoni mwa chumba. Mjane alikuwa ameketi mkekani, amejitanda kanga, wanawake wamemzunguka, macho makavu.

"Pole sana, shemeji," nilisema.

"Nimeshapoa. Kijana amefika wapi?"

"Ametoka Mikumi. Anakuja huku."

Aliinamisha kichwa kidogo, kisha akaniuliza, "Na yale majani ya upande wa pili, yametolewa?"

Nilimwambia bila shaka yametolewa, tangu jana watu wengi wamepita. "Usiniambie bila shaka, shemeji," alisema. "Kaulize. Yule mtoto akiyaona atashuka. Ni baba yake aliyemfundisha. Atashuka palepale, kwenye kona ileile, na mvua hii, na magari yanakuja hayamwamini mtu. Mimi leo nazika mmoja. Sitaki kuzika wawili."

Nilirudi kwenye turubai nikauliza kwa sauti, bila kuzungukazunguka, nani aliyetoka njia ya Mikumi, na je majani yametolewa. Walikuwapo wengi waliotoka njia hiyo. Walikuja kumzika mwenzao, baadhi waliacha mizigo njiani kwa ajili hiyo, na sina shaka na majonzi yao. Mmoja alisema alipita asubuhi na aliyaona, lakini alikuwa na watu ndani ya gari. Mwingine alisema alidhani walioondoa magari ya ajali watayaondoa na yale. Wa tatu alisema nyuma yake kulikuwa na wenzake, akajua wao watashuka. Wale wenzake walikuwa wameketi kando yake wakitazama mkeka. Siku nzima, magari ya kwenda kwenye maziko ya mtu aliyekufa akitoa majani yalikuwa yanayazunguka majani hayohayo.

Tulimpigia kijana, simu haikupatikana. Kuanzia pale Mikumi mpaka karibu na Ulaya mtandao huja na kupotea. Tulipiga tena na tena. Madereva wawili waliingia kwenye pikapu bila kuambiwa na mtu, wakaondoka, na tukabaki tunaisikiliza mvua juu ya turubai. Sala ya alasiri ilifika. Tulisali. Jeneza likaletwa mbele. Imamu alinisogelea akaniuliza taratibu kama tuendelee, nami nikamwambia, "Shehe, tuombe muda kidogo," na yeye, ambaye ndiye aliyekuwa amewahimiza watu tangu asubuhi, akaitikia kwa kichwa akaketi. Kutoka ndani hapakusikika kilio chochote. Nilitamani kisikike, kwa sababu ukimya ule ulikuwa wa mtu anayehesabu kona za barabara moja baada ya nyingine.

Gari dogo lilikuja likiwa limejaa tope mpaka vioo, na pikapu nyuma yake. Kijana alishuka. Shati lilikuwa limemganda mwilini na mikono yake ilikuwa na tope hadi kwenye viwiko. Hakwenda kwenye jeneza, alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa mama yake, na watu wakampisha. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulishuka?"

"Nilishuka."

Mama alifumba macho. "Nilijua. Ulishuka peke yako?"

"Hapana, mama. Ningekuwa peke yangu. Nimeegesha, nimewasha taa, naanza kutembea, akatoka mfugaji mmoja porini na ng'ombe wake. Hakunisalimia hata. Akawaingiza ng'ombe barabarani wote, wakaziba njia huku na huku, akasimama katikati na fimbo. Gari likaja likapiga honi, hakuondoka. Jingine likaja, hakuondoka. Ameniambia, wewe toa tu. Nimeyatoa yote mpaka la mwisho, ndipo akawaswaga."

"Ni nani huyo?"

"Simjui. Mtu mzima tu, Msukuma kwa matamshi yake. Nilipomshukuru akasema jana alikuwa ng'ambo ya barabara, akaona. Akasema, jana yule mzee alikuwa peke yake."

Ndipo mjane alipolia. Alilia kwa sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mzima siku nyingi, na wanawake wakalia naye, na nje ya mlango wanaume waliokuwa wamejikaza tangu asubuhi wakageuza nyuso. Mimi nililia bila kugeuza chochote. Tulimzika mvua ikiwa imepungua, kijana wake akiwa wa kwanza kuingia kaburini kumpokea, na wale waliopita asubuhi bila kushuka walishika makoleo kwa zamu na hawakutaka kumwachia mtu mwingine.

Tangu nirudi Morogoro nimepokea ujumbe wa watu wengi wakimsifu. Wanasema alikuwa dereva wa mfano, tunahitaji wengine kama yeye. Nakubali nusu. Alikuwa mtu wa mfano, lakini sitamani wengine kama yeye, maana wakipatikana tutawafanyia vilevile: tutawapenda, tutawasifu kwenye kahawa, na tutawaachia barabara nzima waitunze peke yao. Mtu huyu alikuwa na taa, alikuwa na pembetatu, alikuwa na macho na subira na miaka mingi ya usukani, na vyote hivyo havikumfaa kitu mbele ya uvivu wa watu asiowajua. Usalama wa barabarani tumeufanya uwe sifa ya mtu, kama vile ukarimu au sauti nzuri, wakati ni kazi ya wote, na kazi ya wote ikibebwa na mmoja humlalia. Yule mfugaji, ambaye madereva wetu humpigia honi na kumtukana kila siku kwa sababu ya ng'ombe wake, alilielewa hilo kwa kutazama mara moja.

Kwa hiyo leo sina ushauri mrefu. Masika bado yanaendelea, magari yatakufa njiani, na matawi yatakatwa. Likikufia gari, kata, panga, jilinde. Likishapona, hata kama umechoka, hata kama mikono ina oili na tajiri anapiga simu, tembea urudi nyuma ukayatoe majani yako. Yatoe mwenyewe. Usimwachie mtu mwema.